Karai la Maji na Wageni wa Oktoba

Haya wajukuu zangu, sogeeni kivulini niwaulize. Hapa kwetu Ndalambo mvua zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, hatuzioni tena hadi Novemba. Sisi watu tuna visima, tuna mabomba, tuna madumu yetu. Tetere je, anakunywa wapi? Chiriku anakunywa wapi? Na nyuki wa kwenye mizinga iliyotundikwa mitini huko porini, wao wanapata wapi maji?

Najua yupo atakayejibu kwamba mtoni. Sawa, lakini ikifika Septemba vijito vingi vinavyoingia Mto Momba vimebaki mchanga na mawe, na maji yaliyosalia yako mbali. Ndiyo maana bomba likivuja kidogo tu, kwenye lile tope utakuta nyuki wamejazana. Watu huwakimbia, wengine huwamwagia maji ya moto. Masikini, hawakuja kumuuma mtu. Wana kiu.

Basi leo nawasimulia namna ya kuwawekea maji wageni hao kwa kulitumia jua lilelile linalowakausha koo. Simulizi yenyewe ni ya siku moja tu, katikati ya Oktoba, tangu kunapokucha mpaka giza linapoingia.

Tuanze na vifaa. Tafuta chombo kipana kisicho na kina: karai la fundi, beseni, au chungu kilichovunjika shingo. Ndani yake weka pampu ndogo ya sola. Ya wati mbili au tatu inatosha. Ziko zinazoelea zenyewe zikiwa zimebeba paneli mgongoni, na ziko ambazo paneli yake huunganishwa kwa waya. Mimi nazipenda zaidi za waya, kwa sababu karai linakaa penye kivuli na paneli inakaa juani. Mwanga ukiipiga paneli, umeme unatoka. Umeme unazungusha kifeni kidogo kilichomo ndani ya pampu. Kifeni kinasukuma maji kwenye kimrija, yanaruka juu, yanaanguka karaini, yanavutwa tena. Hakuna mafuta wala betri.

Mama atauliza, na ana haki ya kuuliza: maji tunayoyabeba kichwani tuyamwage kwa ajili ya ndege? Mwambieni hayamwagwi. Yanayozunguka kutwa nzima ni yaleyale. Yanayopotea ni yale yanayokaushwa na jua na yale wanayoyarusha ndege wakioga. Maji yaliyooshea mboga, mradi hayana sabuni, yanafaa. Na siku ya kuyabadilisha, ya zamani yanakwenda kwenye mashina ya mchicha na nyanya, ambayo yangemwagiliwa vilevile.

Sasa kumekucha. Paneli bado haina mwanga wa kuiamsha pampu, karai limetulia. Kazi ya kwanza ni yako mtoto: chukua kitambaa kibichi uipanguse paneli, kwa sababu Oktoba ni mwezi wa vumbi na masizi ya mashamba yanayochomwa, na paneli chafu huzalisha umeme kidogo. Kisha tazama kama maji yameifunika pampu. Pampu ikizunguka bila maji huungua, na ikishaungua ndiyo basi.

Wa kwanza kufika ni tetere. Kaa mbali, utulie, umtazame anavyokunywa, maana wengi wamemwona maisha yao yote bila kumtazama. Anazamisha mdomo na kuyavuta maji mfululizo, kichwa kikiwa kimeinama vilevile mpaka atosheke. Akija chiriku utaona tofauti: anachota tone, anainua kichwa juu, analiacha literemke kooni, kisha anainama tena. Ndege wengi hunywa hivyo, wa kuchota na kuinua. Tetere na ndugu zake njiwa wana namna yao.

Na hao wawili wanawahi kwa sababu wanakula mbegu. Mbegu kavu haina maji. Ndege anayekula viwavi na panzi hupata sehemu ya maji yake ndani ya chakula, lakini mla mbegu lazima anywe kila siku. Halafu ndege hana jasho. Joto likimzidi anahema mdomo wazi, na kila pumzi inatoka na maji yake ya mwilini.

Kwa hiyo maji yasizidi kina cha vidole viwili. Ndege mdogo haingii asipoona anaposimama. Panga mawe, mengine yachomoze juu ya maji. Karai likae hatua tatu au nne kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi cha ndege kukimbilia akitishika, mbali kiasi cha paka kushindwa kumrukia. Tena liinue juu ya kigogo au matofali, kuku wasilifikie. Ugonjwa wa mdondo unaweza kupita kati ya kuku na ndege wa porini, na maji ya kuchangia ni njia mojawapo. Kuku wawe na chombo chao.

Jua linapanda. Ikifika saa sita na nusu hivi mchana, simama wima uwanjani ukitafute kivuli chako. Utakikuta kimejificha miguuni. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kwetu kabisa: mwishoni mwa Februari, wakati mawingu ya mvua yakilificha, na katikati ya Oktoba, wakati anga ni jeupe na ardhi imepasuka. Miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli uilaze ikielekea kaskazini. Oktoba ilaze karibu sawa na ardhi.

Hapa ndipo ninapoipendea chemchemi hii ya sola. Saa ile ambayo kiu ni kali kuliko zote, ndiyo saa ambayo yenyewe ina nguvu kuliko zote. Maji yaliyokuwa yakichuruzika asubuhi sasa yanaruka na kudondoka kwa sauti, na sauti hiyo huwafikia ndege ambao karai tulivu wangelipita bila kuliona. Usiyaachie yaruke juu sana lakini. Upepo wa Oktoba utayabeba yote nje. Shubiri moja inatosha.

Ni saa ya nyuki pia. Mchagueni mmoja mumtazame kwa karibu, ila msimguse. Anatua kwenye jiwe lililolowa, haendi kwenye maji ya wazi kwa sababu atazama. Anashusha ulimi, na tumbo lake linaanza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia. Akishiba anapaa moja kwa moja kurudi mzingani. Yale maji hakuyanywa kwa ajili yake peke yake. Huko ndani anawakabidhi wenzake, nao wanayapaka matone madogo juu ya masega, kisha wanapiga mabawa kuleta upepo. Maji yanakauka na joto linashuka. Watoto wa nyuki wanahitaji joto la nyuzi 35 hivi, na likipanda zaidi wanadhurika. Nyuki wamefanya hivyo tangu kale, kabla sisi hatujafikiria feni.

Ila tuwaheshimu. Nyuki wetu ni wakali wakichokozwa. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wa Afrika Kusini na mmoja wa Tabora yetu hii. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa huko, na uzao wao umeenea mpaka Marekani, ukali wao ukijulikana kila ulikofika. Kwa hiyo karai lisikae mlangoni wala kwenye njia ya kwenda chooni. Liwe pembeni mwa bustani, na anayekwenda kulisafisha aende alfajiri kabla nyuki hawajatoka.

Alasiri anakuja mgeni ninayempenda kuliko wote, chozi. Dume lake lina manyoya yanayong'aa kijani au zambarau likiligeukia jua, na mdomo mwembamba uliopinda. Chozi hana shida kubwa ya maji ya kunywa, maana anakunywa mbochi, ile sukari ya majimaji iliyomo ndani ya maua. Anachokitaka kwenye chemchemi ni kuoga. Hupenda majani yaliyolowa kwa matone, anajisugua juu yake, anatikisa mabawa, anapaa tawini kujipanga manyoya unyoya kwa unyoya.

Na chini, pale maji yalipomwagikia, vipepeo wametua kwenye tope. Wengi wao ni madume. Wanafyonza chumvichumvi ambazo hawazipati kwenye maua. Ukiona tope hilo usilikaushe.

Lakini niwaambie ukweli, wajukuu zangu: maji peke yake huwaleta wageni wakanywa, wakaondoka. Kinachowafanya wakae ni maua. Pandeni mshubiri na haibiskasi nyekundu kwa ajili ya chozi, maana ndege huiona rangi nyekundu vizuri sana na nyuki hawaioni. Nyuki wapandieni alizeti. Mgomba ukitoa ua lake, chozi na nyuki wote watalizunguka. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa nao msiwaue ovyo. Pasheni ikichanua, wao ndio wenye ukubwa wa kuifikishia chavua pale inapotakiwa.

Na maua tunaweza kuyamaliza kwa mikono yetu. Mnaijua chikanda inayoliwa Tunduma na ng'ambo kule Nakonde? Hutengenezwa kwa viazi vya okidi, maua ya nyika za juu. Ripoti ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivuka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia. Kila kiazi kilichochimbwa ni ua ambalo halitachanua tena. Uwanda wa Kitulo, ambao watu wa huko huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa ni kuyalinda maua hayo.

Sasa jua limezama, pampu imenyamaza. Hapa watu wengi husahau jambo kubwa. Wamesikia kwamba mbu hataki maji yanayotikisika, wakadhani chemchemi imewakinga. Kumbe mbu wa malaria hutaga usiku, na usiku chemchemi ya sola imelala! Yai la mbu huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo hadi kuwa mbu anayeruka. Kwa hiyo kila baada ya siku mbili au tatu mwaga maji yote bustanini, sugua karai kwa brashi uondoe ute na kinyesi cha ndege, suuza, jaza upya. Usitumie sabuni. Nyumba isiyoweza kuifanya kazi hii bora isiweke karai kabisa.

Kuna mtoto ameinua mkono tangu mwanzo. Anataka kusema: Bibi, sisi tunaamia ndege shambani tangu alfajiri, halafu unatuambia tuwakaribishe? Swali zuri. Kwelea kwelea wakivamia mtama, ulezi au mpunga wa Kamsamba, wanamtia mkulima njaa, na kuwaamia ni lazima. Msiweke maji karibu na mashamba hayo nafaka zikianza kukomaa. Lakini kila ndege mdogo si kwelea. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, tumeona mahindi yakitobolewa majani hadi moyoni, na ndege wala wadudu ni miongoni mwa wanaowala viwavi. Hata wala mbegu wengi huwalisha makinda yao wadudu.

Kwa hiyo nawaomba neno moja, na ninalisema kwa moyo wote. Kwenye maji hakuna manati. Hakuna ulimbo wala mtego. Ndege anayeinama kunywa huenda asikuone. Ukimpiga hapo, umemwita kwa kiu yake ukamuua.

Na kama nyumbani wanapuliza dawa ya wadudu, waombeni wapulize jioni nyuki wakisharudi, na wasipulize maua yaliyofunguka.

Mkitaka kujua kama wageni wanafanya kazi, jaribuni kwenye boga la bustani ya kumwagilia. Boga lina maua dume na maua jike. La kike utalijua kwa kiboga kidogo kilichoko chini yake hata kabla halijafunguka. Hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya mchana, kwa hiyo muda ni mfupi. Jioni chagua maua jike matatu yatakayofunguka kesho. La kwanza lifunge kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili mdudu asiingie. La pili lifunge vilevile, ila asubuhi lifungue, chuma ua dume, lipake chavua kwa mkono wako, kisha lifunge tena. La tatu liache wazi. Funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila kikonyo na uandike tarehe daftarini.

Kiboga cha ua la kwanza kitageuka njano na kudondoka baada ya siku chache. Cha pili kwa kawaida kitakua. Cha tatu ndicho cha kukipima kila asubuhi, kwa sababu hicho mmewaachia nyuki.