Tumbo la Jumatatu



Hapa Kibarani akitajwa mtoto asiyekwenda shule, neno la kwanza ni "mtoro". Tunaomba tuliangalie tena neno hili. Mtoro huondoka nyumbani na sare yake, akashinda ufuoni, wazazi wasijue. Lakini kuna mwingine ambaye yupo nyumbani na kila mtu anamwona. Jumapili usiku hali vizuri. Jumatatu alfajiri tumbo lamuuma, pengine hata anatapika. Ikifika saa nne amepona, anateka maji bila kusukumwa. Jumamosi haumwi kabisa.

Watu husema, "Anajifanya huyo." La, tumbo lauma kweli. Mwili wenye hofu hukaza tumbo na moyo ukaenda mbio, kama mtu aliyekutana na nyoka njiani. Akiachwa nyumbani hupata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoufunza mwili kuogopa shule zaidi kesho yake. Tuliona hayo shule zilipofunguliwa Januari 2021, baada ya kufungwa kwa korona tangu Machi 2020: wako waliozoea nyumbani, kurudi kukawa mlima.

Chanzo kiko. Huenda amefiwa na baba, sasa anaogopa kumwacha mama peke yake. Huenda alirudishwa karo mbele ya wenzake, au ni msichana aliyechafuka sare siku ya hedhi. Yuko asiyesikia vizuri, akiulizwa hajibu, darasa lacheka; sisi wenye shule ya viziwi hapa hapa petu tungekuwa wa kwanza kulitambua hilo. Na kiboko bado kinatisha, ingawa kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza tena. Mzazi naye akimchapa ili aende, amemuongezea hofu ya pili.

Basi tufanyeje? Kwanza zahanati, apimwe malaria, minyoo, macho na masikio. Kisha mkiwa mmetulia, jioni na si asubuhi ya vita, msimuulize "mbona hutaki shule?" maana mara nyingi mwenyewe hajui. Muulizeni ni saa ngapi ya siku iliyo mbaya zaidi. Akisema mapumziko, tafuteni wanaomwonea. Akisema hesabu, mwoneni mwalimu huyo kwa upole, bila kelele.

Halafu arudi kidogo kidogo, kwa mapatano na mwalimu mkuu. Siku mbili afike langoni tu na mtu anayemwamini. Kisha akae hadi mapumziko, kisha hadi saa sita. Atalia, ndiyo, lakini asirudishwe nyuma kwa kilio pekee. Na siku anayobaki nyumbani isiwe sikukuu ya televisheni na kutumwa dukani.

Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Mama aliyefiwa hana nguvu za kutembea naye kila asubuhi. Mwanakikundi anayepita njia hiyo anaweza. Mfuko wa kikundi unaweza kukopesha pesa za sare.

Mtoto akisema anataka kufa, au akiacha kula na kulala, msingoje mkutano. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa anaumizwa na mtu, pigeni 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, mchana au usiku.