Jiko la uhunzi nyumbani: mkaa, makaa ya mawe au gesi? Piga hesabu kwanza

Wengi mnajua nina duka la vifaa vya shamba na ujenzi hapa Songea. Majembe nauza ya kiwandani kama kila mtu, ila patasi, visu vya buchani na mashoka tunafua wenyewe nyuma ya duka, mimi na fundi wangu. Uhunzi sikusomea. Nimeishia kidato cha nne, haya mengine nimeyapata kwa kushika nyundo na kuuliza wazee.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: kaka, nianze na moto gani? Mtu ananitajia bei ya gunia, bei ya mtungi, anataka nimchagulie. Mimi namwambia bei ya gunia haikusaidii. Unachotakiwa kujua ni kisu kimoja kimekula moto wa shilingi ngapi.

Na kujua ni rahisi, maana mizani unayo dukani. Pima mkaa asubuhi kabla ya kuwasha, pima uliobaki jioni, gawa kwa idadi ya vitu vilivyotoka. Mtungi wa gesi nao uweke kwenye mizani kabla na baada, usikisie kwa kuutikisa. Tuseme gunia umenunua 60,000 na limekutolea visu 40. Kila kisu kimekula 1,500 ya moto. Kama kwenye kisu unabakiwa na faida ya 2,000 kabla ya kuhesabu mkaa, basi unafanya kazi ya jua kali kwa shilingi 500, na fundi hujamlipa.

Kwa anayeanza, mimi nasema mkaa wa miti. Unapatikana kila mtaa, moshi wake ni mdogo, na chuma kinatoka kisafi. Wahaya na Wafipa waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kwa mkaa huu huu, kwa hiyo joto lipo la kutosha, usidanganywe. Nunua kwa mtu mwenye kibali. Vunja vipande viwe saizi ya yai la kuku na chekecha chenga zote, kwa sababu chenga zinaziba hewa. Shida ya mkaa ni mbili: unarusha cheche, na unaendelea kuungua hata ukisimama kupiga stori. Ndiyo maana sisi hatuwashi kwa ajili ya kisu kimoja. Tunakusanya kazi ya siku nzima, vyuma viwili viko motoni, kimoja kiko kwenye fuawe, vinapokezana.

Jiko lenyewe lisikutoe jasho. Tafuta dramu ya breki ya lori kwa wauza vyuma chakavu, toboa chini, unga bomba la chuma la nchi 2. Ndani kandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, uache ukauke taratibu kivulini, siku kadhaa, halafu uwashie moto mdogo kwanza. Ukiharakisha unapasuka. Fuawe ni kipande cha chuma kizito chochote ulichonunua kihalali. Hiyo ya kung'aa ya dukani itakuja baadaye.

Pesa yako iweke kwenye hewa. Hapa ndipo watu wanapounguza mtaji bila kujua. Wananunua blowa kubwa ya umeme, wanafungulia yote, moto unavuma vizuri unapendeza macho, huku mkaa unaisha na chuma kinatoka magamba tupu. Hewa ikizidi inakula mkaa, halafu inakula na chuma chenyewe. Weka kizibo cha kupunguza hewa kwenye bomba. Mkaa urundike kina cha sentimita 10 hadi 15 juu ya tundu, na chuma kikae juu kidogo ndani ya mkaa, kisikae mdomoni mwa hewa. Mimi natumia blowa ya kuzungusha kwa mkono, inavutwa na rimu ya baiskeli na mkanda. Umeme ukikatika sina habari, na mkono ukiacha kuzungusha hewa inakata yenyewe.

Kwa chuma cha springi ya gari, piga kikiwa rangi ya chungwa. Kikirudi kwenye wekundu wa giza acha, rudisha motoni, la sivyo kitapasuka. Kwa hiyo jiko liwe kivulini. Juani hiyo rangi huioni, unaongeza moto bure.

Makaa ya mawe sasa. Huku kwetu yanachimbwa jirani tu, Ngaka kule Mbinga, na wateja wakubwa ni viwanda vya saruji. Yana moto mzito unaodumu, na kwa mashoka na nyundo kubwa ni mazuri mno. Lakini yanataka hewa yenye nguvu, yanaacha takataka inayogandana chini ya jiko, na unapowasha yanatoa moshi mnene wenye harufu ya salfa. Fundi wangu aliyataka sana. Mama mwenye nyumba akasikia, akaniita: "Mwanangu, biashara yako naipenda, ila moshi ukiingia chumbani kwangu, wewe na jiko lako mtatafuta pengine." Kodi nimelipa miezi sita. Mjadala ukaisha pale pale. Kama una eneo mbali na nyumba za watu, yajaribu kwenye mizani uone.

Mkaa wa kutengenezwa, ule wa matofali madogo, kwa kupikia ni sawa. Kwa kufua chuma una majivu mengi, mimi siutumii.

Gesi inafaa mtu wa visu na vitu vidogo vinavyofanana. Unawasha, baada ya dakika chache unafua, unazima. Ila regulata ya jikoni haitoshi, unahitaji ya presha kubwa inayorekebishika, na chemba yenye matofali ya kuhimili moto. Mtungi wa kilo 6 ukiuvuta kwa nguvu unapoa mpaka unaganda nje, presha inashuka kazi ikiwa katikati. Anza na wa kilo 15 au 38. Shoka au chuma kilichopinda kinaweza kugoma kuingia kwenye chemba, wakati kwenye mkaa unapasha sehemu unayotaka tu. Mtungi usimame wima mbali na jiko, na usiwe kwenye shimo, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini.

Moto wowote utakaochagua, usiufungie chumbani. Mkaa na gesi vyote vinatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Paa la bati, pande wazi, ndoo ya mchanga karibu. Na bomba au chuma chenye rangi ile ya mabati usikitie motoni kabisa, wala usikitumie kujengea jiko. Ile zinki inachemka kwenye nyuzi 907, moto wa mhunzi unapita hapo mapema sana, na moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku huo huo.