INI LINAVYOSHUGHULIKIA DAWA NA SUMU MWILINI



Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba huulizwa mara nyingi maswali haya: Kwa nini daktari anataka kujua dawa zote ninazotumia, hata zile za miti shamba? Kwa nini mahindi yenye ukungu yakatazwe, wakati wazee wetu walikuwa wakiyaosha na kuyasaga? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo liko ndani ya ini.

Kazi ya ini

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Karibu kila tunachokula, kunywa au kumeza kama kidonge hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini.

Dawa nyingi na sumu nyingi huyeyuka kwenye mafuta, haziyeyuki vizuri kwenye maji. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kutoka kwa mkojo, na kingebaki mwilini siku nyingi. Kwa hiyo ini hukibadilisha. Wanaoifanya kazi hiyo ni vimeng'enya, yaani vitendakazi vidogo sana vilivyomo ndani ya seli za ini. Kundi kubwa kati yao huitwa saitokromu P450, na binadamu ana aina 57 za kundi hilo.

Kazi hufanyika kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, vimeng'enya hukibadilisha kile kitu na kukiwekea kama mkono wa kushikia. Katika hatua ya pili, vimeng'enya vingine hukifunga kwenye kitu kinachoyeyuka majini, kisha kinatoka kwa mkojo au kwa nyongo na choo.

Kila mama anayepika ugali wa mihogo michungu anaielewa habari hii. Mihogo hulowekwa, huanikwa, kisha hutwangwa. Ukiruka hatua, sumu inabaki. Ini nalo lina hatua zake. Ila kuna tofauti moja: kwenye ini, baadhi ya vitu huwa vikali zaidi baada ya hatua ya kwanza kuliko vilivyokuwa mwanzo. Hatua ya pili ikichelewa au ikizidiwa, madhara hutokea hapo katikati.

Mfano wa kwanza: paracetamol

Paracetamol ni dawa salama ukiitumia kwa kipimo. Sehemu kubwa yake hufungwa na kutolewa bila shida. Sehemu ndogo hugeuzwa na ini kuwa sumu kali, lakini ini lina akiba ya kinga inayoitwa glutathioni ambayo huizima mara moja.

Mtu akimeza nyingi kupita kiasi, akiba hiyo huisha. Sumu inayobaki huanza kuua seli za ini. Hatari yake ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie chochote, kisha siku ya pili hadi ya nne macho yanageuka manjano na hali inakuwa mbaya. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo usingoje dalili. Aliyezidisha apelekwe kituoni saa ileile.

Kwa mtu mzima, usizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mtoto hupimwa kwa uzito wake. Angalia pia dawa za mafua zinazouzwa sokoni, kwani nyingi zina paracetamol ndani yake. Mtu anaweza kumeza aina tatu zenye majina tofauti, kumbe ni dawa ileile mara tatu.

Mfano wa pili: dawa za kifua kikuu

Rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, hufanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi ya kawaida. Vimeng'enya vikiongezeka, dawa nyingine huvunjwa haraka kabla hazijamaliza kazi yake.

Tuchukue mfano wa mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au kipandikizi cha mkononi. Anaanza matibabu ya kifua kikuu mahali pengine na haelezi. Kinga yake ya mimba inapungua nguvu, naye hana habari. Hakukosea kumeza vidonge, ila dawa mbili zimekutana kwenye ini. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba hazipungukiwi nguvu kwa njia hii, kwa hiyo mhudumu anaweza kumsaidia kubadilisha.

Vivyo hivyo kwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Anayetumia dolutegravir pamoja na rifampisini huhitaji kuimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Hali hii huendelea wiki kadhaa hata baada ya kumaliza rifampisini.

Tafadhali: usiache dawa za kifua kikuu kwa sababu ya maelezo haya. Ukiziacha, ugonjwa hurudi na huweza kuwa sugu. Jambo linalotakiwa ni kusema dawa zote unazotumia. Tena, usinywe pombe wakati wa matibabu hayo, kwani pombe na dawa kwa pamoja huliumiza ini.

Mfano wa tatu: mahindi na karanga zenye ukungu

Hapa ndipo ini linapoweza kuanzisha saratani bila kukusudia. Mahindi na karanga zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Tanzania tunaiita sumukuvu. Sumu hii ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya saitokromu huigeuza kuwa kitu kinachonasa kwenye vinasaba, yaani maelekezo yanayoiambia seli namna ya kukua. Maelekezo yakiharibika, seli huweza kuongezeka ovyo. Hiyo ndiyo saratani, nayo huchukua miaka mingi kuonekana. Moshi wa sigara nao una kemikali zinazogeuzwa mwilini kwa njia kama hiyo.

Sumukuvu ikiwa nyingi huua kwa muda mfupi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, waliugua watu 68 na 20 wakafariki.

Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumukuvu mara kwa mara, hatari yake ya kupata saratani ya ini huongezeka hata kufikia mara 30 kuliko mtu asiye na virusi hivyo anayekula chakula hichohicho. Chanjo ipo. Watoto huipata pamoja na chanjo nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mpeleke mtoto tarehe zote zilizoandikwa kwenye kadi.

Tufanye nini nyumbani?

Tunajua si rahisi kumwambia mtu atupe chakula wakati mgao ujao bado uko mbali. Kwa hiyo anza na haya:

- Anika mahindi na karanga juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo.
- Weka gunia juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta na mahali panapovuja.
- Chambua kabla ya kusaga. Ondoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizotobolewa na wadudu. Sumu nyingi huwa katika punje chache hizo.
- Kuosha na kupika hakumalizi sumu hii. Punje mbovu usizipike pombe, wala usiwape kuku au mbuzi.
- Ukipokea mgao wenye ukungu au uliolowa, usiondoke nao kimya. Uonyeshe palepale kwenye kamati ya ugawaji.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona

- macho kuwa ya manjano;
- mkojo mweusi kama chai ya rangi (rifampisini hufanya mkojo uwe na rangi ya chungwa, hiyo ni kawaida);
- kutapika kusikokoma, au maumivu chini ya mbavu za kulia;
- tumbo kujaa maji, au mgonjwa kuchanganyikiwa.

Ukienda, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za dukani na za miti shamba. Hakuna atakayekugombeza. Mhudumu hawezi kujua ni dawa zipi zimekutana ndani ya ini lako kama hukumwonyesha.