Majani Njo Yanaamuru: Soja, Mizizi na Mbegu ya Kuchagua

Mwezi wa pili, kando ya barabara ya Kasenga, mama mmoja wa koperative alituuliza: "Mulitufundisha kupandikiza avoka. Juu ya nini hamutufundishe kupandikiza soja, ipate mizizi ya nguvu?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana watafiti walishalijaribu.

Miaka ya 1980, huko Canberra, Australia, kulipatikana soja yenye kutoa vinundu kupita kiasi. Vinundu ni vile vivimbe vya kwenye mizizi. Ndani yake vijidudu vinachukua azoti ya hewa na kuupa mmea. Kichwa cha soja hiyo kikapandikizwa juu ya mizizi ya soja ya kawaida: mizizi ikajaa vinundu! Walipogeuza, vinundu vikarudi kiasi. Kumbe majani njo yanaamuru hesabu.

Lakini mizizi nayo ina tabia ya ukoo. Huko Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1940, mtaalamu Nutman alikuta klova nyekundu, jani la mifugo lenye undugu na maharagi, zisizotoa kinundu hata kimoja. Pasipo azoti udongoni, zilibaki njano karibu na wenzao wa kijani. Na tabia hiyo ilirithiwa.

Basi, tupandikize soja shambani? Hapana, mama. Avoka inakaa miaka, soja miezi tu, tena ni maelfu ya miche. Kazi inafanyika ndani ya mbegu. IITA ya Ibadan, Nigeria, walizalisha soja za TGx zinazopatana na vijidudu vya udongo wetu wa Afrika. Ukinunua mbegu, uliza jina lake.

Mbegu nzuri nayo inashindwa kama udongo una asidi kali, kama huu mwekundu wetu. Hapo chokaa na fosfati vinasaidia. Urea ni jambo lingine. Msimu mmoja sisi wenyewe tuliishauri kwa soja: majani yakapendeza, mizizi mitupu, pesa imeenda. Mmea ukikuta azoti tayari udongoni, haujisumbui kulisha vijidudu.

Soja ikianza maua, chimbua mimea mitano pembe mbalimbali. Usivute, vinundu vitabaki chini. Pasua kimoja kwa kucha: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, cheupe au kijani, hakikulishi.

Yule mama alichimbua mitano siku ileile. Mine ilikuwa na vinundu vyekundu. Wa tano ulitoka pembeni, pale alipomwagia urea iliyobaki ya mahindi: majani mazito, chini hakuna kitu.