Nani afungue folda ya mishahara?

Mwaka juzi ofisini kwetu Dar es Salaam, kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuwa anatafuta fomu ya likizo. Folda ya pamoja ilikuwa kwenye kompyuta ya mhasibu, kila kitu kimerundikwa humo. Akakutana na faili la mishahara mipya, akabofya mara mbili. Hakuvunja neno la siri la mtu, maana halikuwapo. Kufikia saa nane mchana watu wote wanane tulijua nani anamzidi nani na kwa kiasi gani. Dada mmoja aliyetumikia pale miaka sita akaaga mwezi uliofuata.

Tangu siku ile, mwenye ofisi ndogo akiniuliza anunue nini cha kuwekea mafaili ya pamoja, simtajii bei kwanza. Namwomba achore jedwali: majina ya watu pembeni, folda juu, na katika kila chumba aandike anasoma, anaandika, au haoni kabisa. Kazi hiyo ni ya bure, na ndiyo itakayomwonyesha anunue kipi.

Njia iliyozoeleka ni kushea folda kutoka kwenye kompyuta mojawapo. Kununua hununui kitu, na Windows ya kawaida inapokea miunganisho 20 kwa wakati mmoja, inayotosha ofisi ya watu wanane au kumi. Ila toleo la Home halina ile sehemu ya kupanga watumiaji katika makundi. Kuhamia Pro ni dola 99 kwa bei ya Marekani.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Folda iliyoshewa ina milango miwili: ruhusa za kushea, na ruhusa za folda yenyewe kwenye diski. Anayeingia kupitia mtandao hupita yote miwili, na ulio mkali zaidi ndio unaomzuia. Lakini aliyeketi kwenye kompyuta ileile hupita mlango wa pili peke yake. Ukikaza ule wa kwanza na kuuacha wa pili wazi, atakayekaa kwenye kiti cha mhasibu wakati wa chakula cha mchana anaona kila kitu. Kwetu hali ilikuwa mbaya zaidi: kundi la Everyone, yaani yeyote yule, lilikuwa na ruhusa kamili kwenye milango yote miwili. Halafu mhasibu akizima mashine yake kwenda benki, ofisi nzima inakosa mafaili. Na kama mashine hiyo bado ni ya Windows 10, msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Si mahali pa kuweka nyaraka za kila mtu.

Njia ya pili ni NAS, kisanduku chenye diski zake kinachochomekwa kwenye ruta. Cha diski mbili, cha kampuni kama Synology au QNAP, ni kati ya dola 200 na 300 bila diski. Diski mbili za TB 4 ni dola 100 au zaidi kila moja, na UPS ya kukilinda umeme unapokatika ni muhimu. Hesabu dola 600 hivi kabla ya usafiri na ushuru, mara moja tu. Unachopata ni akaunti ya kila mtu, makundi, na kumbukumbu, ukiiwasha, ya nani kafungua au kafuta nini. Diski mbili zinazonakiliana zitakuokoa diski moja ikifa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote, kwa hiyo nakala ya tatu iwe nje ya jengo. Kompyuta ya zamani yenye Linux na programu ya bure ya Samba inafanya kazi hiyohiyo, mradi fundi wako apatikane ukimpigia simu.

Njia ya tatu ni kulipia Google Workspace au Microsoft 365. Vifurushi vya chini ni dola 6 hadi 8 kwa mtu kwa mwezi. Kwa watu wanane, tukichukua dola 7, ni dola 672 kwa mwaka na 2,016 kwa miaka mitatu, bando la intaneti halijaingia. Wafanyakazi wakiwa mikoani siku nyingi, fedha hiyo inastahili kulipwa. Ila mtu akichagua kushea na yeyote mwenye kiungo, jedwali lenu lote limevunjika kwa mbofyo mmoja.

Kwa watu wanane walio chini ya paa moja, mimi nachagua NAS, pamoja na nakala iliyofungwa kwa neno la siri inayopelekwa nje. Bei ni sababu mojawapo. Inayonigusa zaidi ni virusi vya kudai fidia. Virusi hivyo hufunga kila faili ambalo aliyeambukizwa anaruhusiwa kuliandika. Mtu wa mapokezi akiwa na ruhusa ya kusoma tu kwenye folda ya wateja, kompyuta yake ikiambukizwa folda ile inabaki salama. Kisanduku chenyewe msikifungulie njia kutoka intaneti: Januari 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga vifaa vya QNAP vilivyoachwa wazi hivyo.

Isitoshe, nyaraka za wateja zina namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana ya kwao tangu 2019. Anayetunza taarifa za watu anawajibika kuzilinda, hata akiwa na kompyuta tatu.

Jedwali letu sasa limebandikwa ndani ya mlango wa kabati la mhasibu. Mtu anapoondoka, akaunti yake hufungwa na jina lake hukatwa kwa kalamu nyekundu siku hiyohiyo, kabla hajarudisha funguo.