Mtafiti mgeni apige hodi kwanza

NDUGU msomaji, kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo hufunga safari kuja kwetu kufanya utafiti wa afya ya jamii. Wiki hii nataka kueleza maandalizi yanayompasa mwanafunzi wa aina hiyo, hasa anayeelekea Kyela, maana akija ovyo hasara haiwi yake peke yake.

Kwa nini Kyela? Wilaya hiyo ya Mkoa wa Mbeya iko bondeni, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mvua zake ni nyingi, na wananchi hulima mpunga na kakao. Maji yanayotuama huzalisha mbu, na mbu huleta malaria pamoja na matende na mabusha. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2011, watafiti wa Mbeya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, waliwafuatilia wakazi wa huko. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. Yalionyesha kuwa watu wenye minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasio nayo. Jambo hilo lisingejulikana kama wanakijiji wasingekubali kutoa damu.

Kukubali huko ndiko kunakopaswa kulindwa. Vijidudu vya minyoo ya matende huonekana katika damu wakati wa usiku. Kwa kipimo cha hadubini, mpimaji hulazimika kuwatoboa watu vidole saa nne au saa sita za usiku. Sasa fikiria, ndugu msomaji, mgeni asiyejulikana anabisha mlango usiku wa manane akitaka damu. Nani hatakumbuka habari za mumiani? Siwezi kumcheka mwanakijiji anayekimbia. Kosa ni la yule ambaye hakueleza mapema.

Ndiyo maana sheria zetu zimeweka milango ya kupitia. Wa kwanza ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Hiyo hupima kama utafiti hautawadhuru watu. Wa pili ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inayotoa kibali cha utafiti kwa wageni. Wa tatu ni Uhamiaji, kwa kibali cha ukaazi. Baada ya hapo huja ofisi ya mkoa, wilaya, kata na hatimaye serikali ya kijiji. Mwanafunzi ahesabu miezi, si wiki, na awe na mwenzake Mtanzania katika kazi hiyo tangu mwanzo. Viza ya utalii si ruhusa ya kutafiti.

Fomu ya ridhaa nayo haina budi kuwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ieleze damu itapimwa nini, itatunzwa wapi, na kwamba anayekataa hatanyimwa matibabu. Mtoto huombewa ridhaa kwa mzazi au mlezi. Kwa wazee ambao Kinyakyusa ndicho lugha yao, apatikane mkalimani wa hapo hapo. Kama sampuli zitapelekwa nje ya nchi, hapana budi pawepo mkataba ulioidhinishwa.

Yapo pia mambo ya mwili na ya njia. Mgeni aje na dawa za kuzuia malaria na chandarua, na asijitose tu majini, kwani kichocho nacho kipo. Asipange kazi ya vijijini mwezi Aprili, wakati mito hufurika na barabara kukatika. Wakati wa kupanda au kuvuna mpunga, asishangae kukuta nyumba tupu.

Lakini liko swali ambalo kila mwanafunzi ajiulize kabla ya kukata tiketi: atakayeonekana ana ugonjwa atatibiwa na nani? Yeye atarudi kwao na kupata shahada. Mwenye damu atabaki Kyela. Basi ni haki apewe majibu yake, aelekezwe zahanati yenye dawa, na kijiji kisomewe matokeo mkutanoni. Asiyeweza kutimiza hayo abaki kwanza maktabani mpaka aweze.