MTOTO ANAPOHEMA KAMA ANAPANDA MLIMA



Tukipanda mlima wa Manga sote tunahema. Miguu ikifanya kazi kupita hewa inayoifikia, mwili hutengeneza asidi, na mapafu hukazana kuipunguza. Tukipumzika, yanaisha. Lakini mtoto aliyelala tu mkekani, mbona aheme hivyo?

Mara nyingi tunasema ni nimonia. Huenda ikawa. Lakini pia huenda damu yake imezidiwa na asidi. Kila siku mwili hutoa asidi, nayo mapafu na figo huiondoa. Ndani ya damu kuna chumvi fulani, jamaa ya magadi, inayoizima. Mtoto akihara sana, chumvi hiyo hutoka pamoja na maji. Malaria kali nayo huziba mishipa midogo na kupunguza damu, hivyo mwili unakosa hewa na asidi inajaa. Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba watoto wenye malaria waliopumua kwa shida au kupoteza fahamu ndio walikuwa karibu zaidi na kifo.

Basi tufanye nini?

1. Kuhara kukianza tu, tumpe ORS. Ndani yake mna sitreti, inayosaidia kupunguza asidi. Tuchanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Aliye chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, tungoje dakika 10, tuendelee polepole. Iliyokaa saa 24 tuimwage.

2. Tuzidi kumnyonyesha na kumlisha. Kituoni tuulize tembe za zinki, za siku 10 hadi 14.

3. Tusimpe magadi kamwe, eti yazime asidi. Yatamdhuru.

4. Akihema kwa kina, akishindwa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani au akipata degedege, tusingoje asubuhi. Hospitali mara moja! Hapo ORS ya nyumbani peke yake haitoshi.

Ndiyo maana tunaviomba vikundi kutenga pesa kidogo za dharura na kupatana mapema na mwenye pikipiki. Usiku mvua ikinyesha, mama asianze kugonga milango akitafuta nauli. Mtoto wa jirani ni wetu sote.